Gari Limefika Harar

Dire Dawa,
wiki ya pili baada ya Pasaka yetu, Fasika

Kwa kaka yangu ninayemheshimu, Gashe Tefera,

Salamu nyingi zikufikie huko Addis Ababa, wewe na mkeo Hirut na watoto. Natumaini kikohozi kimekuacha na kwamba baridi ya huko haikusumbui sana. Sisi huku ni wazima. Ndugu akiwa mbali huwa tunamwandikia kwamba hatukupungukiwa na kitu ila hamu ya kumwona, nami nakuandikia hivyo hivyo, ingawa hamu yenyewe ilipungua siku ile ulipotufokea kwenye simu. Sasa imerudi, usijali. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini jua likishapanda hutembea mwenyewe mpaka kanisani, na cherehani yangu bado inanilisha.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitamka neno moja wewe umeshatamka kumi, na mimi nikikasirika nasahau nilichotaka kusema. Kwenye karatasi huwezi kunikata kauli. Kwa hiyo vuta kiti, mwambie Hirut akumiminie kahawa, usome mpaka mwisho. Katikati utataka kuniita mkaidi. Niite, lakini endelea kusoma.

Jambo lenyewe ni gari la mama. Nasema la mama makusudi, maana tangu baba afariki wewe huliita "lile gari", kana kwamba limeokotwa barabarani. Baba alipolinunua aliliandikisha kwa jina la mama, kwa sababu yeye alikuwa mtumishi wa reli na hakutaka wakubwa wake wajue ana teksi mjini. Ni zee, sikatai. Rangi ya buluu imebaki milangoni tu, kiti cha nyuma nimekishona mimi kwa turubai, na mlango wa kulia hufunguliwa kwa nje tu. Lakini Peugeot hiyo hiyo ndiyo dereva wetu Bedri amekuwa akiiwasha kila asubuhi na kwenda kupakia abiria mbele ya stesheni, na jioni akaleta fungu la mama. Mama hula kwa gari lake na hamwombi mtu, hata wewe.

Unakumbuka katikati ya mfungo mkuu gari lilianza kuchemka. Wewe ulikuwa umeshazungumza na Sisay, yule mwuza magari wa Harar, bila kuniuliza. Akaja kulijaribu. Hakumaliza hata kona za mwanzo za mlima wa Dengego, mvuke ukafumka chini ya boneti, akarudi mjini kwa miguu koti likiwa begani. Akakupigia simu kwamba injini imekwisha, kwamba yeye atalichukua kwa ajili ya vipuri tu baada ya Fasika, na kwamba dereva ndiye aliyeliua.

Ulipotupigia siku ile, hukujua kwamba nimeiweka simu kwenye sauti kubwa ili mama asikie. Hukujua pia kwamba Bedri alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Alikusikia ukisema kwamba mtu aliyezaliwa kuswaga ngamia hajui gari hunywa maji. Alikusikia ukisema aondoke siku hiyo hiyo. Kisha ukatangaza mipango yako yote: gari liende kwa Sisay, ua wetu upangishwe, mama aje kukaa kwenu ghorofani. Nikakwambia gari linaweza kutengenezeka. Ukacheka. Maneno yako ninayo kichwani kama yalivyotoka:

"Mzoga huo ukipanda mpaka Harar bila kuchemka, nitamwambia Sisay akae kwake, na sitafungua mdomo tena, si kwa gari wala kwa ua."

Ulisema kwa kebehi, najua. Mimi niliyapokea kama ahadi, na mashahidi walikuwapo.

Mama aliendelea kuchambua dengu zake, akitupa mawe pembeni. Nilidhani ni huzuni. Bedri aliweka funguo mezani taratibu, akamuaga mama, akaenda zake. Hakukutukana. Ningekuwa mimi ningekutukana.

Kesho yake nilimfuata nyumbani kwake. Mkewe alinijibu akiwa mlangoni na hakunikaribisha ndani, wala hakukosea. Bedri alipotoka nilimwambia kwamba sikuja kumwomba arudi kazini, maana sina uso wa kumwomba, bali nataka anisaidie kulisafisha gari ndani lipate kupanda Harar. Akasema kwako wewe asingenyanyua hata spana, ila marehemu baba ndiye aliyemfundisha kuendesha, na gari lenyewe halijamkosea. Basi akaja na kisanduku chake cha vifaa.

Sasa nikueleze kazi ilivyokuwa, maana wewe unadhani tuliomba Mungu tu. Tulianza na lile ambalo mji mzima unalijua. Maji ya hapa yamejaa chokaa. Ukichemsha chai, birika linavaa koti jeupe ndani, na mtu wa Dire Dawa akiumwa figo, akichelewa kuoa, hata akifeli mtihani, utasikia ni chokaa ya maji. Kwa hiyo mtaa wote ulitoa hukumu: rejeta imeziba kwa chokaa. Hata Bedri alikubali. Tulisubiri injini ipoe kabisa, tukafungua koki ya chini ya rejeta na ile bolti iliyo ubavuni mwa injini, maji yakatoka mekundu kama udongo wa Harar. Bedri akatoa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka yapate moto, akaniambia tukikiacha kitatudanganya, maji yatakuwa yanazunguka upande mmoja tu.

Dawa ya chokaa ni ndimu, na ndimu huku hazijawahi kuadimika. Nilinunua gunia. Majirani wakaja uani kunisaidia kukamua, kila mmoja na kisu chake, wakakusema wewe na mke wako mpaka nikakuonea huruma. Tuliichuja ile juisi kwa kitambaa, tukaichanganya na maji, tukaijaza, tukaliacha gari lingurume mpaka bomba za mpira zikawa moto. Tukaiacha ilale humo. Tulipofungua yalitoka magamba meupe na kutu, tukashangilia. Tukasuuza, tukasuuza tena. Nikaliendesha mpaka mwanzo wa kilima, na lilichemka pale pale, Gashe, kama sufuria ya mchuzi wa shiro iliyosahauliwa jikoni. Nilikaa juu ya jiwe nikalia. Nakwambia hili ili usije ukalisikia kwa mwingine. Nililia, kisha nikasimama.

Bedri alikuwa amelizunguka gari kimya. Akasema chokaa haifanyi hivi, chokaa huziba polepole kwa miaka, na hili limezibika kwa wiki moja. Tukarudi uani. Safari hii alifungua mipira yote miwili ya rejeta, akachomeka bomba la maji kule chini, akafungulia kwa nguvu ili maji yapande kinyume na njia yao ya kila siku. Mwanzo hakikutoka kitu. Kisha rejeta ikakohoa, na juu kukaanza kutoka kitu ambacho sijawahi kukiona ndani ya gari. Kamasi. Nyuzi ndefu za kahawia, zinateleza kama bamia iliyolala, na ndani yake vipande vidogo vidogo vinavyong'aa. Bedri alikisugua kati ya vidole, akanusa, akasema hajui ni nini. Aliuliza kama injini imeanza kula oili, lakini haikuwa oili.

Mimi nilijua kabla sijakigusa. Ilikuwa telba, Gashe. Zile mbegu za kitani ambazo mama hukaanga, husaga na kuzikoroga tunywe kipindi chote cha mfungo. Ukiziweka kwenye maji ya moto unajua zinavyovimba na kuwa nzito. Nikamwambia Bedri, naye akanitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu siku ya simu yako.

"Dada," akasema, "mimi nikitaka kuziba tundu la rejeta natia yai, kama madereva wote. Kuku wangu hawafungi."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Maana kweli. Dereva huvunja yai ndani ya rejeta, linaiva kwenye moto na kuziba panapovuja. Ni mtu wa nyumba inayofunga tu, nyumba ambayo yai haliruhusiwi hata kuvuka kizingiti mpaka Fasika, ndiye angefikiria telba. Na nyumbani kwa Bedri, wasiofunga mfungo wetu, haijawahi kusagwa telba tangu wazaliwe. Nilijua papo hapo ni nani, lakini nitalisema mahali pake. Nikilisema hapa utasimama na kuanza kupiga simu, na mimi bado nina safari ya kukusimulia.

Telba haitoki kwa ndimu. Ndimu yetu iliipitia tu juu juu. Tulichemsha maji kwa makarai, tukayayeyushia magadi, tukaijaza injini. Hapo Bedri alikuwa mkali kama mwalimu, maana kichwa cha injini ile si chuma, ni alumini laini, na magadi yakikaa sana yanakila. Aliniambia nisiondoke hata kwenda kunywa maji. Injini ikipata moto, tunafungua yangali ya vuguvugu, tunasuuza kwa maji safi, tunajaza tena. Tukadhani tumemaliza, lakini kile kirejeta kidogo cha kupashia joto ndani ya gari, ambacho hakuna mtu Dire Dawa aliyewahi kukitumia, kilikuwa kimeshiba telba peke yake. Tukakifungua nacho, tukakipiga maji kinyume. Tuliendelea hivyo mpaka maji yaliyotoka yakapita kati ya vidole bila kuteleza. Mwishoni hatukujaza maji ya bomba. Mvua za msimu zilikuwa zimeanza, na mke wa Bedri, yule aliyenizuia mlangoni, alituletea maji aliyokinga kwenye bati lake. Alisema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya gari.

Tulipanda Jumanne baada ya Fasika. Bedri alinipa usukani mimi. Alisema akiendesha yeye utasema alilibembeleza, lakini likifika kwa mkono wangu hutakuwa na la kusema. Leseni ninayo, na unajua alinifundisha nani, ingawa ulimkasirikia baba kwa hilo. Tulipotoka kumuaga mama tukamkuta ameshaketi kiti cha mbele, amejitanda netela yake nyeupe ya kanisani, kapu la chakula mapajani. Nikamwambia mlima una joto na njia ni mbaya. Akaniambia gari ni lake na atashuka akitaka yeye. Bedri akaenda kukaa nyuma.

Kona za mwanzo, pale Sisay aliposhindwa, tulizipita mshale wa joto ukiwa umelala. Nikaanza kuimba. Kule juu tukakutana na lori la saruji linalopanda kwa mwendo wa maiti, na mbele yake lori jingine, hakuna pa kupita. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine ni hewa. Mshale ukaanza kunyanyuka. Niliutazama kuliko nilivyoitazama barabara, mpaka Bedri akanikemea. Nilimwaza Sisay akicheka. Nilikuwaza wewe pia, na ninachokiwaza nikikuwaza umekasirika si kizuri kuandikwa. Nikaona sasa tumekwisha, ua umekwenda, mama amekwenda, na wewe utakuwa umesema kweli.

Bedri akainama kutoka nyuma akaniambia nifungulie kile kirejeta kidogo mpaka mwisho, nielekeze moto wote ndani. Nikamwambia tutaiva. Akasema tuive sisi, injini isiive. Nikafungua. Kaka, joto lile lilitupiga miguuni kama tumesimama mlangoni mwa tanuri la mkate. Mama akavua viatu, akavua soksi, akainua miguu akaiweka kwenye dashibodi, mama yako huyo huyo ambaye hata mbele ya daktari huona haya kuonyesha kifundo cha mguu. Lakini moto uliotoka kwetu ulitoka kwenye injini. Mshale ukasita, ukatetemeka, ukarudi chini kidogo kidogo. Tulipofika juu, kwenye upepo wa Dengego, tulikuwa tumelowa sisi sote watatu na gari lilikuwa limepoa kuliko sisi.

Tukapumzika hapo. Mama akafungua kapu, akatoa yai la kuchemsha, akalimenya lote kwa vidole vyake na kumpa Bedri kabla yangu. Bedri akalipokea kwa mikono miwili. Wakatazamana wakacheka, na sababu ya kicheko hicho utaielewa baada ya mistari michache.

Harar tuliingia kabla ya mchana. Sikwenda kuegesha popote ila mbele ya uwanja wa Sisay. Akatoka, akafungua boneti mwenyewe, akaangalia chini kama kuna panapovuja, akashika mipira, akaangalia mshale. Ni mtu mstaarabu, sitamsema vibaya. Alisema gari kama hili hata halipaswi kuvunjwa, angeweza kuliuza zima kwa mtu wa harusi, na akaanza kutaja jinsi mtakavyoelewana wewe na yeye. Hapo mama akaomba afunguliwe mlango. Akashuka, miguu bado mitupu, viatu mkononi.

"Mwanangu," akamwambia, "gari hili ni langu. Tefera hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia hapana, na wewe usingepata taabu ya kuja Dire Dawa."

Sisay akainamisha kichwa akamwomba radhi. Alituletea hata kahawa. Nadhani ameshakueleza, na kama hajakueleza, ndiyo mimi ninakueleza: limefika Harar, likarudi siku ile ile, na tangu hapo halijachemka.

Sasa nakuja kwenye lile nililoliweka. Sitalizungusha. Telba ilitiwa na mama.

Siku Bedri alipotoa ile kamasi niliingia jikoni, nikalitafuta kopo lake la telba nikalikuta limesuguliwa likameremeta, tupu, na mfungo ulikuwa bado haujaisha. Mama alikuwa akikaanga buni. Nikaliweka mbele yake. Hakuinua uso. Aliendelea kutikisa kikaango mpaka buni zikaanza kulia, kisha akasema, "Baba yenu alitia kijiko rejeta ilipovuja, tundu likaziba. Nikaona kopo zima litaziba gari lote, na mnunuzi ataondoka."

Alijua Sisay anakuja kwa sababu wewe ulimwambia. Ulimpigia yeye peke yake, ukamwambia asiniambie mimi kwa kuwa nitaleta maneno, ukamwambia aanze kupunguza vyombo kwa sababu ghorofani hakuna nafasi. Alikaa na siri yako hiyo karibu nusu ya mfungo. Asubuhi moja Bedri alipokuwa akinywa chai kwa jirani, alitoka na kopo chini ya netela, akafungua kifuniko cha rejeta, akamimina yote. Yai hakulifikiria. Aliniambia kwa hasira kabisa, kana kwamba nimemtukana, kwamba hawezi kugusa yai katika mfungo, hata kwa ajili ya gari.

Nilimwuliza kwa nini hakukwambia tu kwamba hataki. Hapo ndipo alipotua kikaango.

"Tefera ananipenda," akasema. "Mtu anayekupenda unamwambiaje kwamba hutaki kwenda kukaa kwake?"

Kaka, yeye hakuweza. Kwa hiyo nakwambia mimi kwa niaba yake, kwa kuwa mimi ni rahisi kunikasirikia na umezoea. Hataki kuja kukaa ghorofani. Anataka ua wake, kanisa lake analoliendea kwa miguu, na majirani wanaomsema vibaya kwa jina lake. Anataka gari lake liende stesheni asubuhi na lirudi jioni. Wewe ulipanga kumtunza, na hukupanga kumwuliza.

Kilichomuumiza kuliko vyote ni Bedri. Alipochambua dengu siku ile ya simu, hakuwa na huzuni kama nilivyodhani, alikuwa na aibu, kwa kuwa alimsikia mtu asiye na kosa akifukuzwa kwa kosa lake yeye akanyamaza. Alikwenda kuungama. Padri akamwambia Mungu anaweza kungoja, lakini aliyedhulumiwa asingoje, amwendee kabla ya sikukuu. Basi akaenda na magoti yake hayo, kwa miguu, mpaka mtaa wa kina Bedri. Mkewe alimfungulia mlango wazi na kumtandikia mkeka. Mama akasema yote. Bedri akamwambia hata mama yake mzazi hajawahi kumharibia gari namna hiyo, wakacheka mpaka mama akalia. Ndiyo maana ya lile yai la Dengego.

Utasema nimemgeuza mama akukatae. Sikumgeuza. Utasema gari zee halina maisha marefu. Kweli, na siku likifa litafia uani kwake, mbele ya mwenyewe. Kwa sasa Bedri huliendesha asubuhi na mimi huliendesha alasiri, nikishamaliza kushona. Wanaume wa stesheni walinicheka siku ya kwanza. Siku ya pili mmoja wao alichemka njiani nikamvuta kwa kamba mpaka kwake, na sasa wananipisha kwenye foleni. Ua haupangishwi. Na ile ahadi uliyoitoa ukicheka nakudai uitimize bila kucheka.

Liko jambo moja lililobaki juu yako. Mama mwenye makosa amekwenda kwa Bedri kwa magoti mabovu. Wewe una simu mfukoni. Yale ya ngamia aliyasikia kwa masikio yake, na hajayarudia mbele yetu hata mara moja, jambo linaloniuma zaidi kuliko angeyarudia. Mpigie.

Nisalimie Hirut, mwambie sina ugomvi naye na kitambaa alichoniagiza nimeshakishona. Wabusu watoto mmoja mmoja. Majirani wote wanakusalimu, na waliokusema wakati wa kukamua ndimu ndio wanaokusalimu zaidi. Bedri naye anakusalimu, sikumwomba. Nilipofika hapa nilimwita mama nikamwuliza nikuandikie salamu gani kutoka kwake. Alifikiri. Akasema nisiandike yoyote. Salamu zake ziko hapa nyumbani, mtoto wake aje azichukue.

Ni mimi mdogo wako,
Yewubdar